Mizani ya Makambako

Mwalimu Chaula alitufundisha mizani:
nane kwa nane, kina cha kati, kina cha mwisho,
akihesabu kwa vidole vilivyojaa chaki
huku upepo wa Makambako ukigonga mabati
unavyotaka wenyewe.
Nilipata alama themanini na moja.
Nikaajiriwa kwenye mizani nyingine,
ya tani hamsini na sita, mwisho wa ubishi.

Siku nzima nasoma namba nyekundu.
Lori la mbolea, lori la shaba, lori la mbao
zinazotoka bado jasho la utomvu.
Ekseli ya pili imezidi, nasema.
Dereva anashuka, anaapa kwa mama yake,
anapiga tairi teke
kana kwamba tairi ndilo limekula zile kilo mia nne.
Juzi mmoja aliinama dirishani kwangu, akauliza:
"Na wewe, kaka, nani anakupima?"
Nikamwandikia faini. Foleni ilikuwa ndefu.

Lakini lile swali lilipanda nami bodaboda,
likakaa katikati yangu na kijana anayeendesha,
likashuka nami Lyamkena bila kulipa nauli.
Basi nikajipima.
Deni la SACCOS, miezi tisa.
Ndugu yangu Obedi na ule mpaka wa mipaini:
yeye anasema hatua sita, mimi nasema mbili,
na miti yenyewe inazidi kurefuka.
Kifua cha mtoto, kinakoroma tangu Juni ianze.
Na neno nililomwambia baba wiki ile ya mwisho.
Hilo halikupata uzito. Namba zilicheza, zikacheza,
hazikutulia.

Usiku ule nilisali, nikageuka, nikahesabu
malori yanayoshuka kuelekea Igawa
kwa pumzi ya breki zao.
Nilitafuta amani kwa hasira,
kama mtu anayetafuta mwizi.

Zamu ilikuwa imehamia jioni, kwa hiyo asubuhi nilikuwepo.
Ukungu umelala barazani.
Kamwene, akasema mama mkwe. Kamwene, nikaitika.
Akanisogezea kigoda, beseni la viazi,
kisu kisicho na mpini.
Hakuuliza kitu. Tukamenya.
Maji yaliuma mpaka kwenye mfupa.
Kiazi cha kwanza nilikikata kata, nusu ikabaki kwenye ganda.
"Hicho umewamenyea nguruwe," akasema.
Cha pili, polepole.
Cha tatu ganda likatoka moja, refu, jembamba,
likaning'inia mpaka gotini bila kukatika,
na mimi nikawa nakifuata kisu tu,
kisu kinafuata kiazi,
kiazi kilikwisha kufuata udongo huko kilikotoka.
Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.
Mkaa ukatema cheche.
Ndani mtoto akakohoa, akanyamaza,
akacheka peke yake.

Sijui ilikaa muda gani. Viazi vinne? Saba?
Nilipojishika nimetulia, ikaondoka,
kama kuku wa jirani ukimtupia jicho.
Mama mkwe aliona, nadhani.
Alisema tu: "Bado vile vidogo."

Deni lipo. Obedi yupo na hatua zake sita.
Lakini jioni, kati ya lori la mbolea na lori la viberiti,
nyuma ya risiti iliyoharibika, nimeandika,
kwa ajili ya Mwalimu Chaula, popote alipo:

Mzigo nilioshika, kifuani ukachacha,
Ganda refu likashuka, ukungu ukanificha,
Jikoni moto wawaka, Makambako kunakucha,
Mengine yanapimika, hili nimeliacha.

Mstari wa mwisho umepungukiwa silabi moja.
Mwalimu angeuzungushia duara jekundu.
Nimeuhesabu mara tatu kwa vidole
vyenye wanga bado kwenye kucha.

Nimeinua kizuizi. Upite.