Nukta Nane, Labda Saba

Brno, saa tisa usiku. Theluji ya Februari
imegeuka matope kwenye reli za tramu.
Ghorofa ya tatu, taa inayowaka ni yangu.
Naitwa Zdislava. Kazi yangu ni kuhesabu nukta.

Seli inanijia chini ya hadubini
kiini chake buluu, na pembeni, kwa kijani,
nukta mbili zimekaribiana
kama vifungo vya koti la mtoto.
Sentrioli hizo. Mbili, naandika mbili,
kihesabio kinalia tik kidoleni.

Seli ikikusudia kugawanyika
kila mama hutoa binti mmoja
ubavuni pake, kama msumari ubaoni,
ukuta wake nguzo tisa,
si nane, si kumi.
Binti mmoja. Nani humwambia mama basi?

Nilimuuliza Vlastimil, mwaka wangu wa kwanza,
naye ana keki ya popi mdomoni.
Akasema: kipo kimeng'enya kimoja, haba sana,
ndicho kinachotoa amri ya kuzaa,
na kikishaitoa hujitia alama chenyewe,
alama ya kutupwa jalalani.
Hujichongea, nikasema. Akacheka, makombo yakaruka.
Ndiyo. Kilichofungua mlango hujiondoa,
kisije kikaufungua tena.

Na binti naye amegandamana na mama;
maadamu amegandamana, mama hazai wa pili.
Mpaka kromosomu zivutwe huku na huku,
mpaka mkasi upite katikati yao,
ndipo kila mmoja apewe kibali kipya:
cha mara moja
kwa mzunguko mzima.

Nina binti mmoja, Květa. Wa pili hakuja.
Miaka minne nililala nikiulaumu mwili wangu
kwa ubahili wake, kwa kusema basi
bila kuniuliza. Sijausamehe kabisa.
Ila usiku, kazini, nikiona seli elfu nzima
zinavyosema basi, basi, basi,
nakaa kimya kidogo.

Sampuli ya leo haina jina, ina namba: 417.
Mbili. Nne. Nne. Mbili.
Halafu moja inanifanya niondoe jicho,
nilifute, nirudi:
saba. Nane labda. Zimejazana
kama watu mlangoni mwa duka siku ya bei nafuu,
na seli, maskini, inavutwa pande tatu,
kromosomu zinaning'inia hazina pa kwenda,
kule zimezidi, huku zimepungua.

Ningeandika "nyingi". Vlastimil hataki.
Nyingi si idadi, husema.
Naandika nane. Nafuta. Naandika saba.

Namba 417 amelala mahali fulani mjini humu,
au hajalala.

Tramu ya kwanza inapita chini,
vioo vinatetema, nukta zinachezacheza.
Nangoja zitulie.
Nahesabu upya.