Ruka cha Tatu

Ngazi ya nyuma ina vipandio vitano
na nyumba nzima ilijua: ruka cha tatu.
Tulijifunza kabla ya kusoma.
Mama alitufundisha ndoo ikiwa kichwani,
bila kugeuza shingo:
"Cha kwanza, cha pili, ruka, cha nne, umefika."

Ubao ulipasuka mwaka ule wa mvua nyingi,
nami ni seremala.
Nina nyundo tatu, randa,
misumari ya inchi nne kwenye kopo la maziwa.
Nimetengeneza milango ya nusu ya Newala,
vitanda vya maharusi wa Kitangari,
na jeneza moja la haraka, usiku, kwa taa ya simu.
Kila Jumapili nilikitazama kipandio kile
na kila Jumapili nilikiruka.

Si ngazi tu.
Bafuni kuna jiwe linalocheza: kanyaga kushoto.
Kisima cha mvua kimefunikwa bati na tofali:
watoto, pitieni upande wa mpapai.
Waya wa redio: inama.
Na kule ghalani, msimu wa korosho ukifunguliwa,
makuli hupanda na gunia la kilo themanini
juu ya ubao uliobonyea kama kitanda cha kamba,
naye nyapara Chilumba, kalamu sikioni,
hupiga kelele kutoka chini:
"Pembeni! Kanyageni pembeni!"
Anaiita hiyo tahadhari.
Hata mimi niliiita hivyo.

Akaja Somoe,
mke wa mdogo wangu Lipande, kutoka Nachingwea.
Siku ya tatu ukweni, anataka aonekane mchapakazi,
akaamka kabla ya jogoo, akabeba maji ya watu wote.
Tulikuwa tumemwonyesha sufuria ya ugali,
mashangazi kwa majina,
hata kaburi la babu.
Kipandio hakuna aliyekumbuka kumwonyesha,
maana hatukukijua tena kwa kichwa.
Tulikijua kwa miguu,
na miguu haina mdomo.

Nilisikia ndoo kwanza.
Ndoo, halafu ubao, halafu kimya,
halafu Somoe akiomba radhi,
akiomba radhi kwa maji yaliyomwagika.

Mama akaufunga mkono ule kwa khanga yake.
Imeandikwa lile neno la ufa na ukuta,
ambalo nalo nyumba nzima tunalijua.

Hospitalini daktari akauliza, "Ilikuwaje?"
Tukajibu watu wanne kwa pamoja:
"Hakujua."
Akaandika. Akainua macho.
"Na ninyi mliojua?"
Hakungoja jibu, foleni ilikuwa ndefu.
Kwenye benchi, kijana ameshika kiuno,
vumbi la magunia bado nyusini.
Nilimtambua:
mmoja wa wale wa pembeni.

Ilichukua robo saa.
Ubao wa mninga, misumari sita, msasa kidogo.
Miaka saba, na robo saa.
Kesho yake jiwe la bafuni nikalitia saruji,
kisima nikakipa mfuniko wenye bawaba na komeo,
waya nikaupandisha juu ya linta.
Nikachonga na ubao mpya, mnene, wenye vizuizi vya miguu,
nikaupeleka ghalani begani.
Chilumba akauzunguka mara mbili.
"Nani ataulipa?"
Nikamwambia, mtu keshalipa.

Somoe alirudi na plasta hadi kwenye kiwiko.
Akasimama chini ya ngazi,
akaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.
"Panda wewe kwanza, shemeji."

Nikapanda, fundi mwenyewe, kifua mbele.
Cha kwanza. Cha pili.
Mguu ukainuka wenyewe, ukapita,
ukatua cha nne.

Mama alicheka jikoni.
Somoe hakucheka.
"Rudi," akasema. "Kikanyage."