Kuunga Mente

Kibanda cha tatu ukiingia Soko la Kenyatta
kwa lango la upande wa Mbagathi,
kabla moshi wa nyama haujakufikia,
hapo nilimshika Kageha kichwa
tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa na nusu.
Alikuja na daftari. Mtihani ni Ijumaa, alisema,
usinivute sana hapa juu ya sikio,
akaanza kusoma Kihispania kwa sauti
kama mtu anayehesabu deni la mwingine.

Lenta, alisema. Nikachambua rasta.
Lentamente. Nikaunga.

Hicho kijimkia ulichoongeza ni nini?
Akacheka, kichwa kikanitoka mkononi.
Mente, akasema, ni akili.
Zamani yalikuwa maneno mawili,
kwa akili tulivu, kwa akili safi,
hadi akili ikachoka kusimama peke yake
ikajishikiza nyuma ya mwenzake,
na leo mtu akifunga mlango taratibu
huitaja akili bila kujua ameitaja.

Wayua, kiti cha pili, akadakia:
Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Na asiye nazo, nikasema, tutamwunga, bei ni ile ile.

Lakini nilikuwa nimenaswa.
Nywele fupi, za vidole viwili,
na rasta ndefu, rangi namba thelathini na tatu:
ukiifunga vizuri pale chini, penye ngozi,
nani atauliza ya Mungu imeishia wapi?

Akili yao ni mwanamke, Kageha akaendelea,
kwa hiyo neno la mbele sharti livae kike:
si lento, lenta; si claro, clara.
Sisi hatuna habari hiyo.
Neno letu likitaka kutembea tunalikunja mara mbili,
polepole, ovyoovyo,
ama tunalivisha ki, kitoto, kizembe, kiungwana,
ama tunatanguliza kwa, kama mtu anayebisha hodi.
Akili hatuiungi popote.
Labda tunaogopa itakwisha.

Saa saba akanunua chai, tukagawana mandazi,
mafuta yakaingia ukurasa wa kumi na nne.
Hapo ndipo aliponisomea kanuni
ambayo hadi leo naitafuna:
yakiwa maneno mawili, mente ni moja tu, na huja mwisho.
Lenta y claramente.
La kwanza husimama hivyo hivyo, ncha haijafungwa,
likingoja akili inayokuja na la pili.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Mama yangu, kule Kawangware,
siku hizi husema, "Niletee shuka na..."
kisha anatazama dirisha,
sufuria, kidole changu.
Dada yangu Mumbua humkamilishia, kwa huruma, kwa haraka,
nami nilikuwa nikiona ni sawa.

(Kageha alifaulu sarufi. Kusikiliza akaanguka.
Alirudi kufumua akiwa na hasira.)

Jumapili nilimkalisha mama katikati ya magoti yangu,
nikagawa njia kwa mkia wa chanuo,
mvi tupu, sikuunga kitu.
"Nisuke polepole na..."
Mumbua akafungua mdomo. Nikamkanyaga.
Nikasuka mstari mmoja mpaka kisogoni,
nikaanza wa pili,
maji yakachemka, yakazimwa,

"...na usinivute," akasema mama.