Milioni Moja na Tatu

Umeme ulikatika Mbale usiku wa Ijumaa.
Niliwasha mshumaa, nikafungua daftari la miraba,
nikaiandika juu kabisa ya ukurasa:
1,000,003.
Hakuna aliyenituma.

Mchana ule, kwenye kikao cha ukoo,
mama mkwe alilisema kwa Kiswahili
ili wageni wa Busia nao wasikie:
"Huyu mwalimu wetu, Khainza, ni tasa."
Akaendelea kumenya ndizi.

Neno ninalolifundisha kila muhula wa kwanza
kwa chaki, mkono hautetemeki:
namba tasa haigawanyiki
ila kwa moja na kwa nafsi yake.

Haya, tuone.
Mbili, hapana.
Tatu inabakiza moja.
Tano haina haja hata ya kubisha hodi.
Saba inabakiza nne. Kumi na moja, nne.
Kumi na tatu, nne. Nikadhani ni usingizi,
nikarudia. Nne.
Kumi na saba: kumi na mbili.

Huhitaji kuvuka elfu moja.
Kigawo kikubwa hakitembei bila mwenzake mdogo,
na mdogo ungeshakutana naye njiani.
Tasa zilizo chini ya elfu ni mia moja sitini na nane.
Mia moja sitini na nane, mlango mmoja.

Mimi walinibishia madaktari wanne,
mganga mmoja wa Sironko,
na mchungaji aliyenipaka mafuta ya alizeti
yakaharibu gauni la kitenge.
Kila mmoja aliondoka, akaacha baki.

Jumamosi nilitafuta pacha wake.
Mbili nyuma: mia na moja inaingia humo
bila kubakiza kitu.
Mbili mbele: inaishia na tano, imekwisha.
Hana pacha. Hakuna wa kumwita Nalongo.

Wanafunzi huuliza, mwalimu, zina faida gani?
Nawaambia, vunjeni sitini.
Mbili, mbili, tatu, tano.
Vunjeni namba yoyote, mwishoni mtazikuta tasa
zimekaa chini kama mafiga,
chungu kiko juu yao.
Wanaandika. Wanapenda mafiga.
Mimi sitaki kulifanya hilo kuwa faraja.
Namba haina mkwe.

Usiku wa tatu, saa tisa,
maporomoko ya Wanale yakisikika hadi chumbani,
nilifika mia tisa tisini na saba, ya mwisho.
Mara elfu moja na tatu:
999,991.
Nikatoa. Nikatoa tena.

Wamono akageuka kitandani.
"Bado unahesabu?"
"Nimemaliza."
"Imegawanyika?"
"Haikugawanyika."
Akanyamaza kidogo, kisha akavuta blanketi,
akaniachia upande wenye joto.

Baki kumi na mbili.
Nikalipigia mstari mara mbili,
kama ninavyowafundisha.