Laini ya Duka la Nyavu

Simu zake saba zilikaa kwenye beseni la plastiki
juu ya kaunta, kila moja na plasta mgongoni:
Ukara. Musoma. Bukoba. Benki. Mwenye Nyumba.
Mbili plasta zilikuwa zimefutika.
Ikilia moja, watu watatu wanainama pamoja
kama kuku kwenye mtama,
wanagusa hii, wanageuza ile,
na mteja wa Nansio, ambaye salio lake si la kuchezea,
anakata.

Nilifika Kirumba na kitabu cha picha.
Nikafungua palipokunjwa, penye mtambo mkubwa:
laini ishirini na nne, muziki wa kumsubirisha mtu,
taa za kijani kama macho ya paka.
Nkwimba alinisikiliza huku akipima kamba, pima kwa pima,
asiinue uso.
"Fundi, mtu akija kununua wavu
simtajii bei. Namuuliza:
unafuata dagaa au sangara?
Kina gani? Mtumbwi unabeba wangapi?
Ukubwa wa jicho la wavu unakuja baada ya majibu.
Wewe umeanza na bei."

Nikaona aibu, ile ya kuambiwa barabarani
kwamba shati umeligeuza.

Kesho yake nikakaa juu ya gunia la maboya
na daftari la hesabu la mwanawe Kulwa,
nikichora mstari kila ilipolia.
Hadi saa kumi na moja jioni, mistari sitini na miwili.
Zilizolia kwa wakati mmoja
hazikuzidi tatu.

Basi, tatu.
Mbili za mezani, za waya.
Moja ya kubeba, ya Masalu wa stoo,
ambaye kutwa yuko juu ya ngazi.
Na kijisanduku kama kipande cha sabuni
cha kuifundisha lugha mpya simu moja ya zamani,
rangi ya maziwa yaliyokaa, aliyoikuta humo aliponunua duka.
"Namba yake ilikufa," alisema, "ila mlio wake naupenda."
Fedha iliyobaki ikaenda kwenye betri,
maana hizi za mtandao hazina ubishi:
umeme ukiondoka, nazo zinaaga.

Halafu jiwe.
Mwanza hujengi unapotaka, unajenga jiwe linapokuruhusu,
na nyuma ya duka limekaa moja, refu kuliko lori,
mnara wa intaneti uko upande wake wa pili.
Sauti ilikuja kama chapati iliyochanwa:
"Nyuzi nga... ha... lo, unani..."
Masalu akapendekeza baruti.
Nkwimba akatoa bomba la maji, futi kumi na mbili.
Tukalisimamisha juu ya jiwe, antena kichwani,
mijusi wekundu wakatupisha huku wakitikisa shingo
kama wanaokubali jambo wasilolielewa.

Nikaiambia ruta: sauti itangulie,
filamu za Kulwa zisubiri.

Ile salamu ya mwanamke wa kukodi aliikataa.
Akajirekodi mwenyewe, mara nne, akikohoa:
"Umefika. Nyavu, bonyeza moja.
Kamba na maboya, mbili.
Deni, bonyeza tatu, na uwe mkweli."

Saa tisa umeme ukakatika mtaa mzima.
Mashine ya kusaga ya jirani ikanyamaza katikati ya debe.
Tukaangaliana.
Ile simu ya rangi ya maziwa ikalia,
mlio wa chuma, wa kizamani,
na mtu wa Nansio akauliza bei ya nyuzi tisa
kana kwamba yuko hapo mlangoni, viatu mkononi.

Beseni limerudi kuoshea vyombo.
Simu sita amewagawia wadogo zake.
Ya saba, iliyoandikwa Ukara, iko mfukoni mwa kanga yake.
Nilimwambia namba hiyo nayo naweza kuielekeza dukani,
kazi ya dakika tano, bure.
"Hiyo iache," akasema,
akarudi kupima kamba.