Kijiko na Kikombe cha Bati

Mtafiti alifika Maweni saa nne asubuhi,
viatu vimegeuka vyeupe kwa vumbi la machimbo,
kishikwambi kifuani kama mtoto asiyetaka kushuka.
Akasema ametumwa na Wizara, anahesabu
askari waliokwenda ng'ambo kulinda amani ya wenzao,
wakarudi, kisha saratani ikawafuata nyuma.

Mume wangu, Koplo Ngowa Yeri, hana sauti.
Koo lilikatwa mwaka juzi, sauti ikabaki hospitalini,
kwenye chupa, sijui, au kwenye ndoo.
Tuna lugha yetu: kijiko juu ya kikombe cha bati.
Mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana.

"Aliwahi kukaa karibu na shimo la kuchomea taka?"
Ko.
"Umbali gani? Mita hamsini? Mia?"
Kijiko kikanyamaza. Nikamjibia:
mwanangu, yeye ndiye aliyekuwa akiwasha.
Betri, matairi, makopo ya rangi, uchafu wa zahanati,
miezi kumi na miwili, na leso ndiyo barakoa.
Alinitumia picha: anacheka, moshi umesimama nyuma yake
kama ukuta wa nyumba tutakayojenga.

Ukuta tuliujenga. Kwa pesa hizo hizo.
Mtafiti alikuwa ameuegemea.

"Na kabla ya jeshi, kazi gani?"
Ko-ko. Ko-ko. Hilo si jibu, ni hasira.
Alikata mawe hapa hapa, nikasema,
vumbi alilila tangu hajaota ndevu.
Kidole cha mtafiti kikasita juu ya kioo.
"Sigara?"
Ko.
Waligawiwa kambini, paketi mbili kwa wiki, pamoja na sabuni.
"Hilo la kugawiwa halina pa kuandikwa, mama."

Ugonjwa mmoja, baba watatu,
na kila baba ana wa kumsingizia mwana.

Nani alifua sare zake? Hakuuliza.
Begi lilirudi likinuka mpira ulioungua;
maji ya kwanza yalitoka meusi, ya tatu pia.
Nilisugua kwa mikono hii.

"Matokeo yatachukua muda," akasema akiinuka.
"Miaka mitatu, minne. Mtaarifiwa."
Ngowa akagonga.
Moja. Mbili. Tatu.
Mtafiti akanitazama nimfasirie.
Tatu hatujawahi kuipa maana.
Nikamwambia: anauliza kama utakunywa chai.