Sufuria ya Pembeni

Dalali wangu anaitwa Bitaliho,
ana pikipiki, ana kofia ya rangi ya mawese,
na kila mlango anaoufungua
anasema, "Hapa, dada, umefika."

Sijafika.

Mwanga: chumba na sebule juu ya duka la vitenge,
luku ya kuchangia watu sita,
kodi ya miezi sita mkononi.
Chini, mgahawa. Nikaagiza sombe.
Ikaja ya kijani, inameremeta mafuta, inanukia kitunguu,
na katikati yake macho madogo meusi
yakinihesabu.
"Mama, nilisema sili samaki."
"Huyo si samaki, mwanangu. Huyo ni dagaa."

Niseme basi, kabla nanyi hamjaniuliza:
sina dini mpya, sina vidonda vya tumbo,
hakuna mganga aliyenipa mwiko.
Nilitazamwa na sato sahanini, Sengerema,
nikiwa na miaka kumi na tisa,
tukaachana kwa amani.
Sasa ajira imenileta Kigoma,
kama mtu anayeogopa ngazi
aliyepangiwa kazi ya kupaka rangi mnara.

Katubuka: nyumba nzuri, vigae mpaka jikoni,
ila mwenyewe anataka mpangaji mwenye mume,
au angalau barua ya mume.
Gungu: maji yanatoka Jumanne.
"Jumanne ipi?" nikauliza.
Bitaliho akacheka mpaka pikipiki ikazimika.
Tulipoisukuma tukafika kwa muuza chapati na maharage;
maharage yalikuwa yamelala na mfupa.
Nikalipia vyote. Nikala chapati.

Ujiji nilikaribia kusema ndiyo.
Ua wa matofali mabichi, mchikichi mmoja,
na Bi Mwamvita anayepepeta mchele,
aliyenitajia jina lake kabla ya bei.
Lakini mwanawe akapiga simu kutoka Dar,
na bei ikapanda kabla simu haijakatwa.
Aliona haya, yule bibi, si mwanawe.
Akanifungia muhogo wa kuchoma kwenye karatasi ya daftari,
chumvi kidogo, pilipili nyingi.
Niliula nimesimama kando ya barabara,
hesabu za mtoto wa darasa la tatu zikinichapa vidoleni,
mlo wangu kamili wa kwanza tangu Jumatatu.

"Kibirizi sikupeleki," akasema Bitaliho.
"Kule hata ndoto zinanuka."
Nikasema, nipeleke.

Dagaa kwenye vichanja, dagaa kwenye mchanga,
fedha tupu, njia inaumiza macho.
Chumba kina dirisha moja, linatazama ukuta.
Mama Bukuru, magamba mpaka viwikoni,
akauliza lile lile: unakula nini?
Nikajibu huku nimeshageuka nusu kuelekea pikipiki.

Hakucheka.
"Mimi dagaa wakigusa mdomo huu"
(akaupiga kwa kiganja) "unavimba kama andazi.
Watoto wanne nimewasomesha kwa dagaa,
na sijui ladha yao.
Majirani wanadhani naringa."

Akanivuta jikoni. Figa tatu kwa wateja, moja pembeni,
na juu yake sufuria ndogo, nyeusi, imefunikwa kwa sahani.
"Hii ina mwiko wake," akasema,
akauchomoa kwenye msumari wake, akanionyesha.
Maharage kwa mawese. Lengalenga lililokatwa kwa mkono mvivu.
Ugali wa muhogo ukivutika
kama mazungumzo ya watu wasio na haraka.

Ukuta bado ni ukuta.
Neti itanuka, blauzi zitanuka,
ofisini wataniuliza nilikula nini jana
na jibu langu hawataliamini.
Nje Bitaliho anapiga honi: Bangwe kuna kingine, dada,
kina upepo wa ziwa, kina choo cha ndani!

Nikamwambia azime.
Mama Bukuru alikuwa ameshatoa bakuli la pili.
Lilikuwa na ufa,
wala hakuniomba radhi.